Jamaa Ako na Akili Sita

Kati ya namba zote zinazoandikwa kwenye karatasi ya mhusika wa Dungeons & Dragons, hakuna inayochezwa vibaya kama Akili ikiwa ndogo. Nguvu ikiwa 6, watu wanaelewa haraka: huyu hawezi kuinua jiwe, mpe mzigo mwepesi, hadithi iendelee. Ustahimilivu ukiwa 6, tunajua atachoka kabla ya wengine. Lakini andika 6 mbele ya Akili uone. Ghafla mhusika hajui kufungua mlango. Anakula sabuni. Anapigia mti saluti akidhani ni askari. Namba ni ile ile, ila pale ni udhaifu na hapa ni kichekesho.

Kwa wale hamjawahi cheza: D&D ni mchezo wa kusimulia hadithi mkiwa mezani. Mmoja wenu ni mwendesha mchezo, ndiye anayeishika dunia yote, kuanzia mfalme mpaka mvua. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na mambo yakiwa magumu, dadu inaamua. Mchezo ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na tangu hapo kila mhusika hupimwa kwa namba sita. Kwenye meza yetu tunaziita Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Mvuto. Njia ya kizamani ya kuzipata ni kutupa dadu tatu za pande sita na kujumlisha. Chini kabisa ni 3, juu kabisa ni 18, na katikati, 10 au 11, ndipo alipo mtu wa kawaida.

Mhusika wangu anaitwa Tindo. Ni mpiganaji wa milimani, Nguvu 17, Akili 6. Nimekuwa naye miezi minane, na sijawahi kumaliza kikao kimoja bila mtu kuniambia, "Zii, buda. Jamaa yako ako na Akili sita. Hawezi jua hiyo."

Sawa. Basi tuulizane: Akili 6 ni nini hasa?

Tuanze na hesabu, kwa sababu huu ni mchezo wa hesabu hata kama tunajifanya ni wa mapanga. Dadu tatu zina njia 216 za kutua. Katika hizo, njia 56 zinaleta jumla ya 8 au chini. Yaani kama kila mtu kwenye dunia hiyo angetupiwa dadu kama sisi, robo ya watu wote wangekuwa na Akili 8 kushuka chini. Robo nzima. Huwezi kuniambia kwamba katika mji wa kifalme mtu mmoja kwa kila wanne hajui kufungua mlango. Nani anauza unga? Nani anaendesha mikokoteni? Nani analipa kodi ambayo mfalme anaila?

Tushuke mpaka kwa Tindo. Njia 20 kati ya 216 zinaleta 6 au chini. Hiyo ni karibu mtu mmoja kwa kila kumi. Jaza matatu ya abiria 33 na watu wa dunia hiyo, na humo ndani kuna watu watatu kama yeye. Wamelipa nauli, wamedai chenji, na watashuka steji yao.

Halafu kuna dadu ya pande 20, ile tunayotupa wakati mhusika anajaribu jambo. Katika sheria za mwaka 2014, ambazo ndizo tunazitumia, mtu mwenye Akili 10 haongezewi wala hapunguziwi kitu. Mwenye 8 anapunguziwa moja. Mwenye 6 anapunguziwa mbili. Chukua swali rahisi, lenye lengo la 10. Mtu wa kawaida anapatia kwenye pande 11 kati ya 20. Tindo anapatia kwenye pande 9. Msomi mwenye Akili 16, kama hana mafunzo maalum kwenye jambo hilo, anapatia kwenye pande 14.

Soma tena hizo namba. Tofauti kati ya Tindo na mtu wa kawaida ni mara mbili katika kila mara ishirini. Na huyo msomi tunayemsujudia bado anachemsha mara sita. Kitabu cha sheria hakijawahi kusema Tindo ni bure kabisa. Ni sisi tunaongeza.

Na vitabu vyenyewe vimekuwa vikibadilisha maana ya hiyo namba. Mwaka 1974, Akili kubwa ilikupa lugha za ziada: kila alama juu ya 10, lugha moja zaidi. Toleo jepesi la mwaka 1981 lilitaja wazi kinachopungua chini. Mwenye 3 anatatizika kuongea na hajui kusoma wala kuandika. Mwenye 4 au 5 hajui kusoma wala kuandika. Mwenye 6 mpaka 8 anaweza kuandika maneno mepesi. Kwa hiyo kwa kitabu hicho, Tindo angeandika jina lake na labda neno "maji". Mwaka 2000 Akili ilikuwa inaamua unajifunza stadi ngapi, na mwenye Akili ndogo alipata chache.

Lakini sheria za 2014 ndizo zinanifurahisha. Humo, kujua elimu ya mimea na wanyama kunahesabiwa chini ya Akili. Kufuata nyayo porini kunahesabiwa chini ya Busara. Kutibu majeruhi, Busara. Kutuliza mnyama aliyeshtuka, Busara. Kumtazama mtu usoni ukajua anakudanganya, Busara. Yaani kulijua jina la mti ni kitu kimoja, na kujua kwamba ng'ombe amepita chini ya mti huo jana jioni ni kitu kingine, na waandishi wa mchezo wameviweka kwenye masanduku mawili tofauti. Tindo ana Busara 13. Sheria zenyewe zinasema mtu anaweza kufeli sanduku la kwanza na kupita la pili.

Hata hayo masanduku mawili ni machache. Miaka ya mwisho ya tisini na mwanzo wa elfu mbili, watafiti wakiwemo Robert Sternberg na Elena Grigorenko walifanya kazi na Waluo wa eneo la Usenge, karibu na Ziwa Victoria. Walipowauliza watu kuhusu akili, walipewa maneno manne. Kuna rieko, yaani maarifa na ujuzi. Kuna luoro, heshima na kujua kukaa na watu. Kuna paro, kufikiri na kuanzisha jambo. Kuna winjo, kuelewa namna ya kushughulika na mambo ya maisha. Katika utafiti mwingine hapo hapo, walipima watoto kuhusu dawa za mitishamba: ipi inatibu nini, inatumiwaje. Watoto waliojua zaidi mambo ya dawa walielekea kupata alama za chini kwenye mtihani wa msamiati wa Kiingereza. Mtoto yule yule, kichwa kile kile, na namba yake inategemea nani ameshika karatasi ya maswali.

Sisi tumelelewa na karatasi ya maswali. Wengi wanaosoma hapa walifanya KCPE, ule mtihani wa alama 500 ambao ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na nina hakika bado unaikumbuka namba yako. Mimi naikumbuka. Mama yangu anaikumbuka kuliko tarehe ya harusi yake. Tuliamini namba ile ni sisi. Ndiyo maana tunapokaa mezani, hata kwa mchezo, tukiona 6 tunadhani tumeshamjua mtu mzima.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokwama. Tangu hapo kuna shangazi yangu mmoja ambaye hunieleza mambo polepole. Zamani alikuwa ananiuliza maoni kuhusu shamba, kuhusu siasa, kuhusu simu gani anunue. Sasa ananiambia, "Baba, umeelewa?" mwishoni mwa sentensi ya maneno matano. Kichwa changu ni kile kile cha mwaka wa pili, muhula wa pili. Kilichopungua ni karatasi moja ambayo ilikuwa bado haijachapishwa. Simlaumu sana, hata yeye alifunzwa kusoma namba kabla ya kusoma watu. Lakini nimejifunza jinsi inavyokaa, kuongeleshwa na mtu ambaye ameshaamua uwezo wako uko wapi.

Sasa nije kwenye ile sauti.

Karibu meza zote nilizokaa hapa Nairobi, mhusika mwenye Akili ndogo huwa na sauti moja. Ni nzito na ya polepole. Ngeli zimevurugika, l imekuwa r, na kila sentensi inaanza na "mimi". "Mimi taka rara." Wakati huo huo mchawi wa kikundi, yule mwenye Akili 17, anaongea Kizungu cha puani. Hakuna aliyekubaliana hivyo. Hakuna kitabu kilichosema. Watu watano wametoka mitaa mitano tofauti, na wote wameingiza mkono kwenye gunia moja wakatoa kitu kile kile.

Hiyo sauti naijua. Ni sauti ya nyanya yangu. Nyanya yangu aliendesha kioski miaka ishirini akiwa na hiyo r yake, na madeni ya kijiji kizima yalikuwa kichwani mwake, shilingi kwa shilingi. Ni sauti ya soja wa geti, ya mama wa mboga, ya mtu yeyote ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili na Kiingereza ni ya tatu. Mtu akikuambia "cheza mjinga" na wewe ukacheza mshamba, hujafanya kosa la kuigiza tu. Umetuonyesha kwamba ndani yako maneno hayo mawili yamelala kitanda kimoja.

Hii si shida yetu peke yetu. Mwaka 2016 kampuni yenye mchezo ilitoa kitabu kilichoruhusu wachezaji kuwa Waorki, wale wapiganaji wenye meno ya chini yaliyotokeza, na kila Morki alikatwa alama mbili za Akili kabla hata ya kuzaliwa, kwa sababu ya ukoo. Mwaka 2020 waliondoa hiyo. Watu waliobishana kwamba ni njozi tu walikuwa wengi. Lakini mimi nikisoma sheria inayosema kabila fulani zima lina akili pungufu, sihitaji mtu anieleze harufu hiyo inatoka wapi.

Basi mtu mwenye nia njema anasikia haya yote na anakimbilia upande wa pili: mjinga wake anageuka kuwa mwenye hekima ya siri. Haongei sana, lakini akiongea, wote wananyamaza. Hajui kusoma, lakini ndiye anayetegua kitendawili kilichowashinda maprofesa. Kila kikao, sentensi moja ya kuliza watu. Hii nayo naikataa. Huko ni kuifuta ile 6 na kuandika 18 kwa penseli. Ni kusema kwamba mtu mwenye akili pole anastahili nafasi mezani kwa sharti moja tu: kwamba kumbe hakuwa na akili pole.

Nina binamu ambaye ana akili pole kweli. Si suala la lafudhi wala karo. Alirudia darasa mpaka walimu wakachoka, na hadi leo ukimpa maelekezo ya hatua tatu, ya tatu inapotea njiani. Watu wakimwongelea husema, "Lakini ana roho safi." Ana roho ya kawaida. Ananunia watu wiki nzima. Anacheza drafti vibaya na anaiba kete ukigeuka. Anapenda mechi, hapendi mvua, na kuna mjomba mmoja ambaye hajamsalimia tangu mwaka juzi kwa sababu anayoijua yeye. Hana siri ya ulimwengu ya kutuambia. Ni mtu, basi, mwenye mambo yake.

Nimejifunza kumcheza Tindo kwa kutazama jambo moja analofanya binamu yangu. Hajui kusoma ujumbe wa M-Pesa. Pesa ikiingia, anatembea, anapita maduka mawili, anapita ajenti wa kwanza, mpaka kwa mama fulani mwenye kibanda. Anampa simu. Mama anamsomea kilichoingia, kilichobaki, na anamrudishia simu bila kucheka. Ikiwa mama hayupo, binamu yangu anarudi nyumbani na kungoja kesho. Mtu ambaye hawezi kuhakikisha jambo mwenyewe ana kazi moja kubwa kuliko zote: kuchagua wa kumwamini. Sisi tunaosoma hatuifanyi kazi hiyo mara nyingi, ndiyo maana hatuioni.

Kwa hiyo niliamua hivi: Tindo hajui kusoma zaidi ya jina lake, na ana mtu mmoja wa kumsomea barua, mwizi wa kikundi. Jamaa anayemcheza mwizi ni mcheshi. Siku moja mwendesha mchezo alimpa karatasi, barua kutoka kwa dada yake Tindo. Mto umebeba daraja, mama ni mgonjwa, rudi kabla njia haijafungwa. Mwizi akaangalia karatasi, akaangalia sisi, akasoma kwa sauti: "Dada yako anasema wako poa. Utume pesa kidogo." Meza ikacheka. Nami nikaandika kwenye daftari la Tindo: nyumbani wako poa.

Ningeweza kuruka. Mimi mchezaji niliiona ile karatasi, kila mtu aliiona. Lakini Tindo ana Akili 6 na hajui kusoma, na anamwamini mwizi. Basi tukaenda kuwinda joka vikao vitatu.

Tulipofika kijijini kwao, daraja halikuwepo na kaburi lilikuwa na majani. Wote waliniangalia. Tindo ni mpiganaji wa hasira, kwenye sheria hasira ni silaha yake rasmi, na mwizi alikuwa ameshaanza kuhesabu uhai aliobakiwa nao. Tindo hakumpiga. Alifungua mfuko, akatoa barua zote ambazo amewahi kusomewa tangu kampeni ianze, saba, akampelekea mchawi. "Soma zote tena," nikasema. "Polepole."

Kukawa kimya. Yule jamaa wa mwizi akaacha sauti ya mhusika, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Maze, mimi nilikuwa nafanya jokes tu." Hakuna aliyemjibu. Mchawi akaanza barua ya kwanza, na akaacha Kizungu cha puani.

Tindo hakutegua kitu siku hiyo. Hakusema neno la hekima. Namba iliheshimiwa mpaka mwisho: alidanganywa kwa sababu hakuweza kusoma, na alichelewa kujua kwa sababu hakuwa mtu wa kuunganisha vidokezo. Lakini hakuna aliyemcheka tena, na mimi sikuomba wasicheke.

Wachezaji wapya wakiniuliza, huwa nawapa maswali matatu badala ya sauti. Kwanza, hawezi nini hasa? Usiseme "ni mjinga". Sema hajui kusoma, au hesabu zikipita kumi zinampotea, au anahitaji kuambiwa mara mbili, au anakumbuka nyuso na kusahau majina. Chagua moja au mawili, uyashike kila kikao, uyalipie. Akili ni nywele, wazee walisema, kila mtu ana zake. Basi onyesha palipo na upara, usinyoe kichwa kizima.

Pili, anaishi vipi na hilo? Mtu mzima ambaye amefika miaka thelathini na Akili 6, kwenye dunia yenye mazimwi, ana mbinu. Ana njia anayopita kila siku. Ana wimbo wa kukumbukia. Ana swali analouliza kila mara kabla ya kukubali jambo. Ana mtu wake wa kibanda. Na mwenzako anapokuambia "jamaa yako hawezi jua hiyo", unaweza kumjibu, "Kweli hajui. Ataenda kuuliza," na hapo hadithi inapata njia mpya badala ya kufungwa mlango.

Tatu ndilo watu husahau: anataka nini? Hakuna dadu inayopima hilo. Mwenye 3 na mwenye 18 wote wanaweza kutaka kitu mpaka usingizi upotee. Tindo, kwa mfano, sasa anataka daraja. La mawe, si la miti, lisibebwe tena na maji. Hajui mawe mangapi yanahitajika wala jinsi tao linavyosimama bila kuanguka. Mchawi amemchorea mara mbili na mara mbili hakuelewa. Kikao kijacho tunaingia mjini kutafuta fundi, na Tindo amesema atamlipa kwa mgongo wake: yeye atabeba mawe yote, fundi atasema tu yawekwe wapi.